Jina Lililotangulia Kitu: Historia ya Kuipa Mashine Akili, 1936–1976, na Funzo Lake kwa Uandishi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna neno "akili" lilivyoingia katika maelezo ya mashine za kukokotoa nchini Uingereza na Marekani kati ya mwaka 1936 na 1976. Hoja kuu ni kwamba jina hilo halikufuata ugunduzi, bali liliutangulia. Katika kipindi hicho lilifanya kazi tatu: liliwaficha watu walioiwezesha mashine, lilisaidia kuutafutia uwanja mpya fedha na mipaka, kisha likawa kipimo ambacho kwacho uwanja huo ulihukumiwa. Sehemu ya mwisho inaonesha kwamba upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili unamlazimu mwandishi kujibu katika kila sentensi swali ambalo Kiingereza kinaweza kuliacha wazi, na inapendekeza msimamo wa kufuatwa katika uandishi wa kitaaluma.

1. Utangulizi

Katika tasnifu, ripoti na habari za miaka ya karibuni, msomaji wa Kiswahili anakutana mara kwa mara na sentensi za aina ya "akili mnemba imebaini" au "akili mnemba imeamua". Kisarufi sentensi hizo hazina kasoro. Kihistoria zinaleta tatizo, kwa kuwa zinamweka mtendaji mahali ambapo huenda hapana mtendaji, na kumwondoa aliyekuwapo. Tatizo hilo lina athari. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba programu imebaini kuwa kazi yake haikuandikwa naye anapaswa kumkatia rufaa nani? Mwombaji wa mkopo aliyekataliwa baada ya alama zake kukokotolewa na mashine amuulize nani sababu? Pale ambapo sentensi haimtaji mtu, ni vigumu kwa anayelalamika kumpata.

Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo ya lugha yana historia inayoweza kufuatiliwa. Mwaka 1936 umechukuliwa kuwa mwanzo kwa sababu ndio mwaka ambao Alan Turing aliwasilisha maelezo yake ya mashine ya kukokotoa. Mwaka 1976 umechukuliwa kuwa mwisho kwa sababu ndipo ukosoaji wa jina hilo ulipotolewa kwa uwazi na wataalamu wa uwanja wenyewe. Yaliyotokea baadaye yametajwa pale tu yanapoifafanua hoja.

2. Mkokotozi alipokuwa mtu

Hadi katikati ya karne ya 20, neno la Kiingereza ambalo kwalo tumepata "kompyuta" lilikuwa jina la kazi ya mtu. Mkokotozi alikuwa karani aliyeajiriwa kufanya hesabu ndefu kwa kalamu, karatasi na jedwali. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwishoni mwa karne ya 19, kituo cha kuchunguza nyota kilichoongozwa na Edward Pickering kiliajiri wanawake kwa kazi hiyo. Walipima na kuainisha nyota kutoka kwenye picha, na hesabu zao zikawa msingi wa orodha zilizotumiwa na wanaastronomia.

Turing alianzia hapohapo. Katika makala yake ya 1936 hakuanza na ubongo wala na nafsi. Alianza na mtu anayekokotoa kwenye karatasi yenye miraba. Aliuliza ni mambo gani machache kabisa ambayo mtu huyo anayahitaji: alama za kusoma na kuandika, hali fulani ya fikra kwa wakati fulani, na kanuni ya kumwambia hatua inayofuata. Kila kisichohitajika kiliondolewa, na kilichobaki kikawa maelezo ya mashine. Mwelekeo huu ni muhimu. Mashine iliundwa kwa kufuata kazi ya karani anayetii kanuni, wala haikutokana na nadharia ya akili ya binadamu kwa ujumla.

Miaka kumi baadaye mwelekeo huo ulikwisha kugeuzwa katika lugha ya umma. Mnamo Februari 1946, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilioneshwa kwa waandishi wa habari kikiwa na ENIAC, mashine ya kielektroniki yenye vali zipatazo 18,000, iliyojengwa kwa ajili ya kukokotoa jedwali za kulenga mizinga. Magazeti yaliieleza kuwa ni ubongo mkubwa. Waliotayarisha hesabu zake, wakipanga nyaya na swichi ili mashine ifuate hatua zinazotakiwa, walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Wote walichaguliwa kutoka miongoni mwa wakokotozi walioajiriwa na jeshi kufanya hesabu hizohizo kwa mkono. Katika sherehe za uzinduzi kazi yao haikutambuliwa hadharani. Jina la kazi yao lilihamia kwenye chombo, na sifa ya kufikiri nayo ikahamia huko.

Haikuwa kwamba hakuna aliyeliona jambo hilo. Mwaka huohuo wa 1946, Lord Mountbatten alipozungumza hadharani nchini Uingereza kuhusu ubongo wa kielektroniki, mwanafizikia Douglas Hartree aliliandikia gazeti la The Times kupinga msamiati huo. Hartree alikuwa mmoja wa wachache waliokwisha kuitumia ENIAC yeye mwenyewe. Kwa maoni yake, mashine hizo hazichukui nafasi ya fikra. Zinahitaji fikra za mtu ili zifanye kazi. Pingamizi lake halikuzuia mkondo. Mwaka 1949 Edmund Berkeley alichapisha nchini Marekani kitabu kilichozieleza mashine hizo kuwa ni bongo kubwa zinazofikiri, na msamiati huo ukawafikia wasomaji wa kawaida.

3. Jina la mwaka 1955

Mwaka 1950 Turing alirudi kwenye suala hili katika jarida la falsafa, Mind. Makala hayo hukumbukwa kwa mchezo wa kuigiza, ambamo mwulizaji anawasiliana kwa maandishi na watu wawili asiowaona, na baadaye mmoja wao nafasi yake inachukuliwa na mashine. Lisilokumbukwa sana ni kwamba Turing aliliona swali la iwapo mashine inaweza kufikiri kuwa halina maana ya kutosha kujadiliwa. Badala yake alitoa utabiri wa aina mbili. Wa kwanza ulihusu mchezo: baada ya miaka hamsini hivi, mwulizaji wa kawaida asingekuwa na nafasi zaidi ya asilimia 70 ya kubaini sawasawa baada ya dakika tano za maswali. Wa pili ulihusu lugha: mwishoni mwa karne, matumizi ya maneno yangekuwa yamebadilika kiasi kwamba mtu angeweza kusema mashine zinafikiri bila kutarajia kupingwa. Kwa mwanahistoria utabiri huu wa pili una uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa Turing alitambua kwamba sehemu ya ushindi wa mashine ingepatikana katika kamusi.

Wakati huo palikuwa na majina mengine yaliyoshindana. Norbert Wiener, katika kitabu chake cha 1948, aliliita somo lake kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Jina hilo lilielekeza macho kwenye udhibiti: chombo kinapima kosa lake na kujirekebisha, kama nahodha anavyorekebisha usukani kila mkondo unapomsogeza. Claude Shannon na John McCarthy walihariri mkusanyo wa makala uliochapishwa mwaka 1956 kwa jina lililohusu mashine zinazojiendesha. McCarthy hakuridhika na makala yaliyoletwa, kwa kuwa mengi hayakugusa alichokitaka.

Ndipo, katika pendekezo la tarehe 31 Agosti 1955, McCarthy, Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Shannon walipoomba fedha za kuwakutanisha watu kumi kwa miezi miwili katika Chuo cha Dartmouth, majira ya joto ya 1956. Kwenye kichwa cha pendekezo hilo waliandika jina ambalo leo tunalifasiri kwa "akili bandia", "akili unde" au "akili mnemba". Dhana yao ya msingi ilikuwa kwamba kila sehemu ya kujifunza, na kila sifa nyingine ya akili, kimsingi inaweza kuelezwa kwa usahihi kiasi cha mashine kuweza kuiiga. Waliitaja kuwa ni dhana ya kuanzia tu, na wala hawakudai kuwa wameithibitisha. Shirika la Rockefeller liliombwa dola 13,500 na likaidhinisha 7,500.

Miaka mingi baadaye McCarthy alieleza kwamba sababu mojawapo ya kulichagua jina hilo ilikuwa kuepuka kuhusishwa na somo la Wiener, ili asilazimike kumkubali kuwa kiongozi au kubishana naye. Herbert Simon na Allen Newell, ambao programu yao ilithibitisha kauli 38 kati ya 52 za mwanzo katika sura ya pili ya Principia Mathematica, hawakulipenda. Kwa miaka kadhaa waliendelea kuiita kazi yao uchakataji changamani wa taarifa. Hivyo, jina lililoenea duniani kote lilitokana na ombi la fedha na hamu ya kujitenga na jirani. Wakati linabuniwa, hapakuwa na mashine yoyote iliyolistahili.

4. Jina linapogeuka kipimo

Jina lenye ahadi huvutia fedha, lakini pia humdai aliyelitoa. Mwaka 1958 Simon na Newell walitabiri kwamba ndani ya miaka kumi kompyuta ingekuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka huohuo Frank Rosenblatt alionesha mfumo wake wa kutambua ruwaza chini ya ufadhili wa Jeshi la Majini la Marekani, na gazeti la New York Times likaripoti matarajio ya jeshi hilo kwamba mashine hiyo ingetembea, ingesema, ingeona na hata kutambua kuwapo kwake. Bingwa wa sataranji, Garry Kasparov, alishindwa na Deep Blue mnamo Mei 1997, takriban miaka thelathini baada ya muda uliotajwa.

Ushahidi wa wazi zaidi kuhusu nguvu ya lugha ulitoka katika programu ndogo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyojibu maandishi ya mtu kwa kufuata kanuni chache. Ilitafuta neno muhimu katika sentensi, ikaikata sentensi hiyo vipande, ikageuza "mimi" kuwa "wewe", kisha ikarudisha vipande hivyo kwa namna ya swali. Mtu akitaja mama yake, iliomba ielezwe zaidi kuhusu familia. Isipopata neno lolote inalolijua, ilimhimiza mtu aendelee. Weizenbaum aliichagulia nafasi ya mtaalamu wa nasaha kwa sababu katika mazungumzo ya namna hiyo mwulizaji anaweza kutojua chochote kuhusu dunia na bado akaonekana wa kawaida.

Baadaye alisimulia jinsi katibu muhtasi wake, aliyemshuhudia akiitengeneza programu hiyo kwa miezi mingi, alivyomwomba atoke chumbani baada ya kubadilishana nayo sentensi chache. Katibu huyo hakudanganywa kuhusu asili ya programu, kwani aliijua. Mazungumzo yenyewe yalimvuta kuichukulia kama msikilizaji. Weizenbaum alitikiswa na jambo hilo, na katika kitabu chake cha 1976 alihoji kwamba zipo kazi, hasa zinazohitaji hekima na huruma, ambazo mashine haipaswi kukabidhiwa hata kama inaweza kuzifanya.

Nchini Uingereza jina lilihukumiwa kwa njia nyingine. Baraza la Utafiti wa Sayansi lilimwomba mwanahisabati James Lighthill autathmini uwanja huo, na ripoti yake ikatoka mwaka 1973. Lighthill aliugawa katika sehemu tatu: uendeshaji wa kazi kwa mashine, utafiti wa mfumo wa neva kwa msaada wa kompyuta, na ujenzi wa roboti uliodaiwa kuziunganisha hizo mbili. Sehemu ya kwanza na ya pili aliziona kuwa na thamani zake. Daraja la katikati ndilo alilosema limeshindwa. Kwa maneno mengine, alichokivunja kilikuwa umoja ulioletwa na jina, kwani kazi nyingi zilizokusanywa chini yake aliziona halali zikihesabiwa mahali pake. Donald Michie wa Edinburgh na McCarthy mwenyewe walimjibu katika mjadala uliorushwa na BBC mwaka huohuo, lakini ufadhili nchini Uingereza ulipunguzwa sana.

Mwaka 1976 Drew McDermott, mtafiti wa ndani ya uwanja huohuo, aliwakosoa wenzake kwa tabia ya kuvipa vipande vya programu majina kama vile "elewa" au "lengo", kisha kuamini kwamba programu inaelewa kwa kuwa imeitwa hivyo. Alishauri kipande kama hicho kipewe jina lisilo na maana yoyote, halafu mwandishi ajaribu kuwashawishi wasomaji, na nafsi yake, kwamba kinafanya kinachodaiwa. Ushauri huo ni muhtasari wa miaka arobaini iliyotangulia.

5. Swali hili linapoingia katika Kiswahili

Kiswahili kiliipokea mashine kwa maneno kadhaa. "Kompyuta" lilitoholewa na ndilo lililoshika. "Ngamizi" na "tarakilishi" yalipendekezwa pia, na hili la pili linaunganisha tarakimu na akili, hivyo linabeba ndani yake dai lilelile lililopingwa na Hartree. Kwa uwanja wenyewe majina matatu yanashindana. "Bandia" lina kivuli cha udanganyifu, kama katika noti bandia na dawa bandia, na hivyo linahukumu kabla ya kueleza. "Mnemba", ambalo ndilo linaloenea zaidi, halikutwi na wasomaji wengi nje ya istilahi hii, kwa hiyo halihukumu wala halielezi. "Unde" linatokana na kitenzi "kuunda", na kitenzi hicho hukaribisha swali: nani ameunda? Kwa vigezo vya historia iliyoelezwa hapo juu, makala haya yanaliona la mwisho kuwa bora, ingawa istilahi huamuliwa na watumiaji kuliko wanazuoni.

Hata hivyo, uamuzi mkubwa zaidi haumo katika istilahi bali katika upatanisho. Mwandishi wa Kiingereza akisema ELIZA ilijibu, kitenzi chake hakioneshi iwapo aliyejibu ana uhai. Mwandishi wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Lazima achague "ilijibu" au "alijibu", na kiambishi hicho kimoja ni jibu kwa swali la Turing. Uchaguzi haufuati umbo la nomino. Kifaru, kiboko na kijana huanza na ki- lakini huchukua a-, kwa sababu wana uhai. ELIZA ilipewa jina la mwanamke, mhusika wa tamthiliya ya Bernard Shaw, na jina hilo linamvuta mwandishi kuelekea a-. Akilifuata bila kufikiri, atakuwa ameirudia hali ya yule katibu muhtasi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba upatanisho huu haupimi akili. Mtoto mchanga, mgonjwa aliyezimia na mdudu wote huchukua a-, ilhali Deep Blue, iliyomshinda bingwa wa dunia, huchukua i-. Kwa hiyo sarufi ya Kiswahili inatenganisha mambo mawili yaliyochanganywa na jina la 1955: kufanya kazi ambayo mtu angehitaji akili kuifanya, na kuwa miongoni mwa viumbe wenye uhai ambao tunaweza kuwadai na kuwajali. Inawezekana kuusifu uwezo wa mashine kikamilifu bila kuivusha mpaka huo. Aidha, katika matumizi ya kawaida akili ni kitu ambacho mtu anacho: ana akili, anatumia akili, akili zake. Wahenga walisema akili ni mali, na mali huwa na mwenyewe. Sentensi "akili mnemba imeamua" inaigeuza mali kuwa mtendaji na kumficha mwenyewe.

Yapo mawazo ya kupinga. Lugha hubadilika, na katika hadithi za watoto roboti anaweza kupewa a- kama sungura na fisi. Hilo ni kweli, na siku ambayo "kompyuta amesema" haitamshtua msomaji wa maandishi rasmi, utabiri wa Turing wa mwaka 1950 utakuwa umetimia katika Kiswahili. Lakini mabadiliko hayo yakija, yafaa yaje kwa kujua kinachotolewa. Kufichwa kwa watu hakukuishia kwa wale wanawake sita wa Pennsylvania. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili programu ya ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, ijifunze kuyaepuka. Msomaji anayeambiwa kwamba "akili" imejifunza adabu hana njia ya kujua kwamba sehemu ya adabu hiyo ilitokana na kazi ya watu wa Nairobi.

6. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kati ya 1936 na 1976 akili ilihamishiwa kwenye mashine kwanza kwa maneno. Karani aliyekokotoa alipoteza jina lake kwa chombo. Ombi la fedha liliupa uwanja mpya jina kabla ya matokeo. Na jina hilo likageuka deni lililodaiwa mwaka 1973. Ukosoaji wa Hartree, Weizenbaum na McDermott haukukana manufaa ya mashine. Ulidai maelezo sahihi ya nani anafanya nini.

Kwa uandishi wa tasnifu za Kiswahili yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, mtafiti aitaje programu mahususi aliyoitumia, waliyoitengeneza na data iliyofunzwa nayo kadiri inavyojulikana, badala ya kutaja "akili" kwa ujumla. Pili, vitenzi kama kukokotoa, kuainisha na kukadiria vitumike kwa mashine, ilhali kuamua, kuhukumu na kubaini vibaki kwa watu watakaowajibika. Tatu, upatanisho wa i- udumishwe katika maandishi rasmi, na anayetaka kuuacha atoe hoja. Mtahini anayekutana na sentensi inayosema mashine imeamua ana haki ya kuandika pembeni swali fupi: nani? Iwapo mwandishi hawezi kulijibu, utafiti wake haujakamilika.